Namba ya Toleo kwa Programu Ambayo Bado Inajengwa

Mjaribu wa programu anaandika taarifa kwamba toleo la 1.4.0 linakataa kufungua mafaili makubwa. Msanidi aliyekabidhiwa tatizo hilo analiendesha toleo la 1.4.0 kwenye kompyuta yake, na mafaili yanafunguka bila shida yoyote. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu namba 1.4.0 iliandikwa kwenye msimbo siku mzunguko huu wa kazi ulipoanza, na tangu wakati huo seva ya ujenzi, yaani kompyuta inayojenga programu yenyewe bila mtu kuiendesha, imekwisha kutoa bildi kadhaa, kila moja ikiwa imetokana na msimbo tofauti, lakini zote zikijitambulisha kwa jina lile lile. Utaratibu wa kuhesabu matoleo uliobuniwa kwa ajili ya programu iliyokamilika umetumiwa kwa programu inayobadilika kila siku, na hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa.

Bildi, kwa maana inayotumika hapa, ni faili au furushi la mafaili linalopatikana baada ya msimbo chanzo kupitishwa kwenye kompaila na zana nyingine mpaka ukawa kitu kinachoweza kusakinishwa na kuendeshwa. Mradi wenye uhai hutoa bildi nyingi mno kuliko matoleo: huenda ikatoka bildi kila mara mtu anapohifadhi badiliko kwenye ghala la msimbo, yaani mahali msimbo na historia yake vinapotunzwa, ilhali toleo rasmi hutoka mara chache kwa mwaka. Kwa hiyo swali la namna ya kuzipa bildi majina ni pana kuliko swali la namna ya kuyapa majina matoleo, ingawa miongozo mingi huzungumzia la pili tu na kuliacha la kwanza lijitatue lenyewe.

Namba moja, kazi nne

Ugumu wa jambo hili ni kwamba mfuatano mmoja wa tarakimu hutakiwa kujibu maswali ya watu wasiofanana. Anayetafuta hitilafu anauliza faili alilonalo limetokana na msimbo upi hasa. Hilo ni swali la utambulisho. Zana inayosimamia usakinishaji inauliza ni lipi jipya kati ya mafaili mawili. Hilo ni swali la mpangilio. Msanidi wa mradi mwingine anayeitegemea maktaba yako anauliza kama msimbo wake utaendelea kufanya kazi akilipokea toleo jipya, na hapo anatafuta ahadi. Mwisho kuna idara ya mauzo, ambayo kwake namba ni tangazo. Kwamba kazi hizi zinaweza kutengana kabisa linaonekana wazi kwa Windows 7, ambayo ndani yake ilijitambulisha kwa namba 6.1, kwa kuwa programu nyingi zilizokuwapo zilikuwa zikikagua namba hiyo ya ndani na zingeweza kukwama iwapo tarakimu ya kwanza ingepanda.

Wakati wa usanidi, kati ya kazi hizo nne, ni mbili za kwanza tu zinazoweza kufanyika kwa uaminifu. Utambulisho unajulikana mara bildi inapotoka, na mpangilio pia unajulikana, walau ndani ya tawi moja la msimbo, yaani mfuatano mmoja wa mabadiliko. Ahadi haiwezi kutolewa, kwa sababu kazi yenyewe haijaisha na hakuna ajuaye kama badiliko la kesho litavunja kiolesura, yaani njia ambazo programu nyingine huutumia msimbo huu, ambacho wengine wanakitegemea. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya namba za bildi huisha pale timu inapokubali mgawanyo huu: mashine iandike yale yanayojulikana, na binadamu atoe ahadi siku ya kutoa toleo, asiitoe kabla ya siku hiyo.

Utaratibu maarufu zaidi wa ahadi ni Semantic Versioning, uliotungwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, na ambao maelezo yake ya 2.0.0 yalitolewa mwaka 2013. Namba ina sehemu tatu. Ya kwanza hupanda pale badiliko linapovunja utangamano na matoleo yaliyotangulia, ya pili hupanda pale jambo jipya linapoongezwa bila kuvunja kitu, na ya tatu hupanda pale hitilafu zinaporekebishwa. Kanuni hizi zinahusu kiolesura kilichotangazwa hadharani, kwa hiyo zina maana kubwa kwa maktaba inayotumiwa na programu nyingine na maana ndogo kwa programu ambayo mtumiaji wake ni mtu anayebonyeza vitufe. Kwa kipindi cha mwanzo kuna ruhusa ya kuanzia na sifuri: chochote chenye umbo la 0.y.z kinaweza kubadilika wakati wowote. Ruhusa hiyo ni ya haki, lakini husahaulika kwamba hata zana za kusimamia vifurushi huifuata kwa namna yake. Kwa mfano, katika npm, zana ya kusimamia vifurushi vya JavaScript, alama ya ^ huomba toleo hilo au jipya zaidi linalotangamana nalo: anayeomba ^1.4.2 hupewa chochote kilicho chini ya 2.0.0, lakini anayeomba ^0.4.2 huishia chini ya 0.5.0, kwa sababu katika namba zinazoanza na sifuri tarakimu ya pili huchukuliwa kuwa ndiyo inayobeba mabadiliko ya kuvunja.

Utaratibu wa pili maarufu ni wa kalenda, ambao hautoi ahadi yoyote kuhusu utangamano na husema tu toleo ni la lini. Ubuntu imeufuata tangu toleo lake la kwanza, 4.10, lililotoka Oktoba 2004. Ni utaratibu mzuri kwa programu inayotolewa kwa ratiba, lakini una udhaifu mmoja unaotuhusu hapa: wakati wa usanidi, tarehe ya kutoka ni makisio. Toleo la Ubuntu lililopangwa kutoka Aprili 2006 lilichelewa kwa miezi miwili na likaitwa 6.06 badala ya 6.04, na yeyote aliyekuwa ameiandika namba ya awali kwenye nyaraka au mipangilio yake alilazimika kuibadilisha.

Kuiita bildi kwa jina la jana au la kesho

Hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo, na ndipo miongozo mingi hupita haraka. Tuseme toleo la 1.4.0 limekwisha kutoka, na baada yake zimehifadhiwa komiti 37, yaani mabadiliko 37 yaliyorekodiwa kwenye ghala. Bildi inayotoka leo tuiiteje? Njia ya kwanza ni kuitaja kwa kilichopita: ni 1.4.0 pamoja na hatua 37. Njia ya pili ni kuitaja kwa kinachokuja: ni maandalizi ya 1.5.0.

Njia ya kwanza inavutia kwa sababu haibashiri chochote. Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo, yenyewe hutoa jina la namna hiyo kwa amri ya git describe, ambayo hutafuta lebo ya karibu zaidi katika historia (jina lililobandikwa kwenye komiti, kama v1.4.0), huhesabu komiti zilizofuata, kisha huambatisha herufi g na mwanzo wa heshi ya komiti ya sasa, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha komiti hiyo pekee, na matokeo yake ni kama v1.4.0-37-g9f2c1ab. Kwa macho ya binadamu jina hilo ni kamilifu. Tatizo hutokea linapokabidhiwa kwa zana inayofuata kanuni za Semantic Versioning, kwa kuwa katika kanuni hizo kistari kinachofuata baada ya sehemu tatu humaanisha kwamba bildi hiyo ni ya kabla ya toleo. Zana husoma 1.4.0-37-g9f2c1ab na kuamua kwamba ni ya zamani kuliko 1.4.0, wakati ukweli ni kinyume chake. Mtumiaji mwenye 1.4.0 hataletewa bildi hiyo kamwe, na aliyekwisha kuisakinisha anaweza kurudishwa nyuma kwenye 1.4.0 akiambiwa kuwa anasasishwa.

Njia ya pili huepuka tatizo hilo, kwa kuwa 1.5.0-dev.37 iko juu ya 1.4.0 na chini ya 1.5.0, mahali hasa inapostahili kuwa. Lakini ni utabiri, na watu huuogopa utabiri: itakuwaje ikiwa toleo lijalo litakuwa 2.0.0, au ikiwa hitilafu ya usalama italazimisha 1.4.1 itoke kwanza? Hofu hiyo ina jibu. Kosa la kubashiri chini halina madhara, kwa sababu 1.5.0-dev.37 bado ni ndogo kuliko 2.0.0 na mpangilio unabaki sahihi. Kosa la kubashiri juu ndilo lenye madhara, kwa kuwa 1.5.0-dev.37 ni kubwa kuliko 1.4.1, na mjaribu mwenye bildi hiyo hataletewa 1.4.1 ikitoka. Kwa hiyo utabiri salama ni ule mdogo kuliko wote: bildi zinazofuata 1.4.0 ziitwe 1.4.1-dev.37, hata kama kila mtu kwenye timu anajua kwamba toleo lijalo halitakuwa 1.4.1. Namba hiyo haimwahidi mtu kitu. Inasema tu kwamba imekuja baada ya 1.4.0 na kabla ya chochote kitakachofuata.

Lugha ya kuandikia programu iitwayo Go inafuata hoja hii hii. Programu ya Go inapotegemea komiti isiyo na lebo, zana zake huitungia namba bandia, na kama lebo iliyotangulia ni v1.4.0, namba hiyo huanza na v1.4.1-0, kisha hufuata muda wa komiti kwa tarakimu 14 katika saa za UTC, na mwisho herufi 12 za mwanzo za heshi. Sehemu ya kwanza inatoa nafasi kwenye mpangilio, ya pili inatofautisha bildi za tawi moja, na ya tatu inatoa utambulisho usio na shaka. Hakuna aliyelazimika kukaa kikao kuamua jina.

Kutokana na hayo linafuata zoezi dogo ambalo kila timu inapaswa kulifanya bila kukosa: mara toleo linapotoka, badiliko la kwanza kabisa baada yake liipandishe namba kwenda kwenye ya usanidi. Muda wowote kati ya kutoka kwa toleo na kupandisha namba ni muda ambao bildi zisizo rasmi zinatembea na jina la toleo rasmi, na hali iliyoelezwa mwanzoni mwa makala haya inarudi yote.

Hesabu, heshi na saa

Sehemu inayobadilika ya namba ya bildi inaweza kutoka kwenye vyanzo vitatu, na kila kimoja kinajibu swali moja vizuri kuliko mengine.

Kihesabu cha seva ya ujenzi ni rahisi kukitumia, kwani kila bildi hupata namba iliyo kubwa kuliko ya bildi iliyotangulia. Udhaifu wake ni kwamba hesabu hiyo inaishi kwenye seva, mbali na msimbo. Seva ikihamishwa au kuwekwa upya, hesabu inaweza kuanza tena kwenye 1. Komiti moja ikijengwa mara mbili inapata namba mbili, na bildi iliyotengenezwa kwenye kompyuta ya msanidi haina namba yoyote. Hesabu ya komiti, ile inayotolewa na git describe, haina tatizo la kuhamishwa, lakini matawi mawili yaliyoachana yanaweza kila moja kuwa na komiti yake ya 37, kwa hiyo haitoshi kuwa utambulisho. Tena seva nyingi za ujenzi huchukua komiti ya mwisho tu ili kuokoa muda, bila historia na bila lebo, na hapo git describe hushindwa kabisa au hutoa hesabu ya uongo. Anayeitegemea njia hii ahakikishe seva yake inavuta historia nzima.

Heshi ya komiti ndiyo utambulisho wenyewe, kwani ukiwa nayo unaweza kuurudia msimbo ule ule baada ya miaka. Haina mpangilio wowote, na anayeiweka mahali ambapo zana hutafuta mpangilio atapata bildi zinazopandana ovyo. Kuna pia mtego mdogo ambao huonekana kwa nadra kiasi kwamba wengi hushindwa kuufuatilia: heshi huandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, na heshi iliyofupishwa hadi herufi 7 ina uwezekano wa karibu 4 kati ya 100 wa kuwa na tarakimu tupu. Heshi ya namna hiyo huweza kusomwa kama namba, na ikianza na sifuri, Semantic Versioning huikataa pale inapokaa peke yake kati ya nukta baada ya kistari, kwa sababu tarakimu tupu haziruhusiwi kutanguliwa na sifuri. Ndiyo maana herufi g inayowekwa na Git mbele ya heshi isiondolewe kwa ajili ya urembo.

Muda nao una mpangilio na husomeka kwa urahisi, mradi uandikwe kwa saa za UTC na uanze na mwaka. Hata hivyo, ni lazima kuamua ni muda upi. Muda wa komiti hutoka kwenye saa ya kompyuta ya aliyeihifadhi, na saa hiyo inaweza kuwa na makosa. Muda wa ujenzi ni wa kuaminika zaidi, lakini ukiingizwa ndani ya faili unaharibu jambo lenye thamani, yaani uwezo wa kujenga komiti ile ile mara mbili na kupata mafaili yanayolingana baiti kwa baiti. Jumuiya inayoshughulikia ujenzi unaorudiwa imekubaliana kuhusu kigezo kiitwacho SOURCE_DATE_EPOCH, ambacho huiambia zana ya ujenzi itumie muda uliowekwa, kwa kawaida wa komiti ya mwisho, badala ya saa ya ukutani.

Kwa maoni yangu, mchanganyiko unaofaa miradi mingi ni hesabu ya komiti kwa ajili ya mpangilio na heshi kwa ajili ya utambulisho, ya pili ikitanguliwa na alama ya kujumlisha: 1.4.1-dev.37+g9f2c1ab. Semantic Versioning inaagiza kwamba chochote kinachofuata alama ya kujumlisha kipuuzwe wakati wa kulinganisha, na hiyo ndiyo nafasi inayofaa kwa kitu kisicho na mpangilio. Kama msimbo ulikuwa na mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa wakati wa kujenga, hilo nalo liandikwe. Git ina chaguo la --dirty kwa ajili hiyo. Bildi ya namna hiyo isiondoke kwenye kompyuta iliyoizalisha.

Bildi za mwisho kabla ya toleo

Kipindi kinachokaribia toleo kina tatizo lake la pekee. Timu hutoa bildi inayodhaniwa kuwa tayari, huiita 1.5.0-rc.1 (rc ni kifupi cha release candidate, yaani toleo tarajiwa), na kuipeleka majaribioni. Ikionekana na kasoro, hutoka rc.2, kisha rc.3, na hiyo ya tatu inapita majaribio yote. Sasa toleo la 1.5.0 linatakiwa kutoka. Lakini faili lililojaribiwa lina maandishi 1.5.0-rc.3 ndani yake, na ili yabadilike kuwa 1.5.0 ni lazima lijengwe upya. Faili litakalowafikia watumiaji litakuwa faili ambalo hakuna aliyelijaribu.

Wapo wasioona tatizo hapo, kwa kuwa msimbo ni ule ule. Wangekuwa sahihi kama ujenzi ungekuwa unarudiwa kwa uhakika, lakini mara nyingi kati ya ujenzi mmoja na mwingine huingia toleo jipya la maktaba fulani, au kompaila iliyosasishwa usiku, au seva tofauti. Njia ya kwanza ya kulimaliza ni kuufanya ujenzi urudiwe kweli, na kulithibitisha hilo kwa kulinganisha mafaili. Njia ya pili ni kuijenga bildi tangu mwanzo kwa namba ya mwisho, 1.5.0, na kuiacha hadhi yake ya majaribio ikae nje ya faili, kwenye ghala la vifurushi, ambako inaweza kupandishwa daraja bila kuguswa. Ikikutwa na kasoro, namba 1.5.0 inaachwa na inayofuata ni 1.5.1. Watumiaji wanaweza kuona matoleo yakiruka kutoka 1.4.3 hadi 1.5.2, na hakuna ubaya wowote katika hilo, kwa sababu namba hazina gharama. Njia ya tatu ni kutenganisha namba mbili kabisa, kama ilivyo kwenye Android, ambako mtumiaji huona versionName, maandishi huru kama 1.5.0, huku mfumo wenyewe ukilinganisha versionCode, namba kamili inayopanda kwa kila bildi inayopakiwa. Bildi tatu zinaweza zote kuitwa 1.5.0 kwa mtumiaji na bado zikatofautishwa bila utata.

Ninaipendelea njia ya tatu popote jukwaa linapoiruhusu, kwa kuwa inaheshimu mgawanyo uliotajwa mwanzoni: jina la watu mahali pake na namba ya mashine mahali pake. Pasipokuwa na nafasi mbili, njia ya pili ni bora kuliko kujenga upya kwa matumaini.

Mipaka ambayo haionekani mpaka siku ya kusakinisha

Utaratibu unaoonekana mzuri kwenye karatasi unaweza kugonga ukuta wa jukwaa. Windows Installer huipa sehemu ya kwanza ya namba nafasi isiyozidi 255, ya pili isiyozidi 255, na ya tatu isiyozidi 65535, kisha hupuuza sehemu ya nne kabisa inapolinganisha matoleo. Mwaka 2025 hauingii katika sehemu ya kwanza, na tarehe nzima kama 20250314 haiingii katika sehemu yoyote. Aliyeweka kihesabu cha bildi kwenye sehemu ya nne atashangaa kuona 1.4.0.118 na 1.4.0.119 zikichukuliwa kuwa kitu kimoja. Wanaotaka tarehe huandika tarakimu mbili za mwaka zikifuatwa na siku ya mwaka, kwa hiyo tarehe 14 Machi 2025 huwa 25073, na mpango huo utadumu ndani ya mpaka hadi mwisho wa mwaka 2065. Upande wa Android, Google Play haikubali versionCode inayozidi 2100000000. Tarehe yenye tarakimu nane pamoja na nafasi mbili za hesabu ya siku, kama 2025031401, inaingia. Ukiongeza saa na dakika haiingii tena.

Lahaja za mpangilio nazo hutofautiana. Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, hutumia alama ya ~ kuonyesha kitu cha kabla, kwa hiyo 1.5.0~rc1 hutangulia 1.5.0, wakati 1.5.0-rc1 huchukuliwa kuwa ya baadaye. Python huandika 1.5.0.dev37 na 1.5.0rc1, na ghala lake la PyPI halipokei namba zenye alama ya kujumlisha. Lebo za picha za Docker, yaani vifurushi vyenye programu pamoja na vyote inavyohitaji ili iendeshwe, pia haziruhusu alama hiyo. Kwa hiyo ni busara kuwa na chanzo kimoja cha namba na kigeuzi kidogo kwa kila mahali inakopelekwa, badala ya kutafuta andiko moja litakalopendwa na wote. Hata nukta yenyewe ina hatari: Python 3.10 ilipotoka Oktoba 2021, mafaili mengi ya mipangilio ya YAML yaliyoandika 3.10 bila alama za kunukuu yalisomwa kama desimali 3.1, na msimbo uliokuwa ukikata herufi tatu za kwanza za namba ya toleo ukaishia hapo hapo.

Majina yanayohama

Kuna miradi inayokwepa kuhesabu kwa kutumia jina moja lisilobadilika, kama SNAPSHOT ya Maven, zana ya kujenga programu za Java, au lebo ya latest kwenye Docker, ambalo kila mara huelekezwa kwenye bildi ya karibuni. Jina hilo lina faida kwa anayetaka tu kujaribu kilicho kipya. Lisitumike kamwe kama utambulisho. Kwa kawaida Maven huangalia mara moja kwa siku kama kuna SNAPSHOT mpya, kwa hiyo wasanidi wawili wanaofanya kazi siku moja na mipangilio inayofanana wanaweza kuwa na maktaba mbili tofauti zenye jina moja. Inafaa kujua kwamba hata Maven, inapoipakia SNAPSHOT kwenye ghala, huibadilisha jina na kuipa muda na hesabu, kama 1.4.1-20250314.093012-7, na anayehitaji uhakika anaweza kuliomba jina hilo refu moja kwa moja.

Kuchagua, na kubadili baadaye

Maktaba inayotumiwa na wengine inahitaji Semantic Versioning kwenye matoleo yake, na namba ndogo ya usanidi inayozalishwa na mashine kati ya toleo na toleo. Huduma inayoendeshwa na timu yenyewe kwenye seva zake, na kusasishwa mara nyingi kwa siku, haina wa kumwahidi kitu. Tarehe na heshi zinaitosha, na kikao cha kujadili kama badiliko ni la sehemu ya pili au ya tatu ni muda uliopotea. Programu ya simu ina namba mbili tayari na izitumie zote mbili. Programu ya kusakinishwa inayotolewa kwa ratiba inaweza kufuata kalenda, huku ikikumbuka kwamba 24.04 haikubaliki kwa zana za Semantic Versioning kwa sababu ya ile sifuri inayotangulia na kwa kukosa sehemu ya tatu.

Utaratibu wowote utakaochaguliwa, programu iweze kuitaja namba yake kamili, pamoja na heshi, kwenye skrini ya maelezo na kwenye mstari wa kwanza wa kumbukumbu zake za uendeshaji. Mjaribu aliyetajwa mwanzoni angeweza kunakili maandishi hayo, na mazungumzo yangeanzia kwenye msimbo ule ule.

Kubadili utaratibu katikati ya safari kunawezekana, lakini kwa upande mmoja tu. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, ilitumia kwa miaka tarakimu ya pili kutofautisha mfululizo thabiti na wa usanidi, shufwa kwa 2.4 na witiri kwa 2.5, kisha ikauacha utaratibu huo baada ya 2.6 kutoka Desemba 2003. Namba ilipopanda kutoka 2.6.39 hadi 3.0 mwaka 2011, Linus Torvalds, mwanzilishi wake, alieleza wazi kwamba hakukuwa na badiliko la pekee lililosababisha. Ilikuwa rahisi kwa sababu namba ilikuwa inapanda. Mradi uliokwisha kutoa 2025.3 hauwezi kurudi kwenye 1.0.0 bila kila zana kuona kwamba umerudi nyuma. Debian ina kiambishi cha enzi kwa ajili ya hali hiyo, kinachoandikwa 1: mbele ya namba, na Python huandika 1!, lakini kikishawekwa hakiwezi kuondolewa katika matoleo yanayofuata, na Semantic Versioning haina kitu kama hicho. Timu ambayo bado inasita ianze na 0.1.0, kwa kuwa kutoka hapo inaweza baadaye kwenda 1.0.0 au 26.1.0, na katika hali zote mbili zana za usakinishaji zitaona namba imepanda.